Tulikwenda Kapolowe kununua samaki

Jumamosi iliyopita sisi sita wa chama tulifunga safari kwenda Kapolowe. Bei ya samaki hapa Likasi imepanda, na tulifikiri tukinunua kule kule ziwani, kila mmoja atapata wa kupika na bukari nyumbani na wa kuuza kidogo. Tulitoka alfajiri kwa barabara ya Lubumbashi, kisha tukapinda kuelekea Misheni. Vumbi jekundu lilituingia mpaka ndani ya vitambaa vya kichwa.

Ziwa Tshangalele ni zuri asubuhi. Maji yametulia, matete yamesimama pembeni, na mitumbwi inarudi mmoja mmoja. Lakini ziwa hili lilitengenezwa na watu. Mto Lufira ulizibwa kule Mwadingusha ili kupata umeme wa kuyeyusha shaba, na mtambo ukaanza kazi mwaka 1930. Samaki walizaana katika maji hayo mapya, na watu wakaja kujenga vijiji vya wavuvi. Mwaka 1982 UNESCO iliweka eneo la Lufira kati ya hifadhi zake za viumbe.

Mitumbwi ilipofika, tulikimbilia beseni. Tilapia wengi walikuwa wadogo kama kiganja cha mtoto. Tuliuliza wakubwa wako wapi. Mama mmoja anayekausha samaki kwa moshi alitujibu: "Mama, samaki ya mukubwa iko nguvu kupata sasa." Alituonyesha nyavu zenye macho madogo zilizoanikwa, na kati yao chandarua cha mbu.

Kuna tilapia ambao mama yao hubeba mayai mdomoni, na vifaranga wakiogopa hurudi humo humo kujificha. Ukimvua mama huyo, umevua na watoto wake. Chandarua nacho hakibakizi hata wale waliokwisha kutoka mdomoni. Katika ziwa Mweru, ambalo tunalishiriki na Zambia, upande wa wenzetu uvuvi hufungwa tangu Desemba mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaa.

Tulinyamaza kidogo, kwa sababu wateja wa hao wadogo ni sisi. Mafungu yao ni ya bei ndogo, na mama mwenye watoto saba hawezi kulaumiwa akichukua anachoweza kulipa.

Kuna jambo la pili, nalo linatoka kwetu mjini. Maji ya Likasi hayapotei. Mto Panda unayapeleka Lufira, na Lufira inaingia ziwani, pamoja na uchafu wa viwanda na wa kuosha mawe ya madini. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza walichokuta katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda: kobalti nyingi sana, na watoto walikuwa nayo zaidi ya wakubwa. Hatusemi tuache samaki, maana ni chakula cha nguvu kwa mtoto. Ila tutoe matumbo, maini na mashavu, tuvitupe, kwa sababu madini hukaa huko zaidi kuliko kwenye nyama. Kusafisha samaki hakusafishi mto; hilo ni deni la wenye viwanda na serikali, na tuna haki ya kuliuliza.

Tukirudi tulipita kwa dada mmoja mwenye bwawa la samaki nyuma ya nyumba yake. Amelichimba karibu na kijito kinachotoka mlimani, mbali na wanaoosha madini. Maji yanafika kiunoni. Samaki wanakula pumba ya mahindi, mchwa na majani ya mihogo, na samadi ya kuku inafanya maji kuwa ya kijani, ambayo nayo ni chakula. Baada ya miezi kama sita anavua. Alituonya: tilapia huzaana upesi, na ukiwaacha wabanane, wote wanadumaa. Lazima kupunguza wadogo kila mara. Mwaka wa kwanza hakujua hilo, akavua samaki wa kidole tu na akalia.

Tulirudi na beseni mbili badala ya tano. Tulichagua wakubwa tu, tukalipa zaidi, na faida ya kuuza haikuonekana. Wawili kati yetu hawakufurahi, na tunawaelewa.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu mambo mawili. Kwanza, tukinunua kwa jina la chama, tusinunue samaki wa chandarua. Pili, zamu moja ya likilimba iende kuchimba bwawa la pamoja, kama tutapata kiwanja chenye maji safi. Mwenye kujua kijito kama hicho aje aseme kwenye mkutano wetu. Na mwenye kupinga aje pia, tusikie.