Nani anauliza swali la Bweranyange?



Barua pepe ya chumba chetu cha habari hupokea matangazo ya kila aina: semina, makongamano, uzinduzi wa ripoti ambayo hakuna atakayeisoma. Wiki chache zilizopita likaja la tuzo za utafiti kwa wanasayansi vijana wanaochunguza hatari za tabianchi na ustahimilivu. (Hili neno ustahimilivu! Nililitumia mbele ya mama mmoja wa Bweranyange, akaniuliza kama ni aina mpya ya mbolea.) Mhariri akaniambia sentensi nane, kiasi cha fedha kiwe juu. Nikaandika, ikatoka, maisha yakaendelea. Ila yapo mambo yasiyoingia kwenye sentensi nane, na ndiyo yaliyonileta hapa.

Kwanza mnielewe, sizipingi tuzo hizi. Wala si jambo jipya kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 2000, pale Mlimani, Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali iliungana na shirika la START na Akademia ya Sayansi ya Afrika kuendesha ufadhili wa Waafrika wanaochunguza mabadiliko ya tabianchi, kwa fedha za Canada na Uingereza. Mwaka 2014 ukaja mpango wa CIRCLE, wa Akademia hiyo hiyo yenye makao Nairobi ikishirikiana na Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Jumuiya ya Madola, mlipaji akiwa Uingereza tena. Mtafiti kijana alitoka chuoni kwake akaenda kukaa mwaka 1 kwenye taasisi nyingine ndani ya Afrika, akafanya kazi yake akiwa na mshauri. Ndani ya Afrika, siyo Leeds! Kwa kijana mwenye shahada ya uzamili anayefundisha madarasa yaliyofurika na kusahihisha mitihani ya wakubwa zake, fedha kama hizo ndizo zinazomfanya awe mtafiti badala ya kuwa mwalimu wa zamu.

Sasa nije kwenye kisa.

Nina rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Mimi nikaenda Mlimani kusoma uandishi wa habari, yeye akaenda Sokoine, Morogoro, akasoma sayansi ya udongo. Kwao ni Bweranyange, wilayani Karagwe. Swali lake amekuwa nalo tangu akiwa mdogo: kwa nini mikungu ya kwenye kibanja cha mama yake inazidi kuwa midogo? Nilipofika huko nilimuuliza mama mwenyewe. Akanijibu bila kuandika andiko la kurasa 12. Mvua za siku hizi hazieleweki, akasema. Pili, kibanja kimechoka. Tatu, ng'ombe waliuzwa ili watoto wasome, na ng'ombe ndio waliokuwa wakila majani ya rweya mchana na kuleta samadi nyumbani jioni. "Huyu mwenzako ndiye aliyekula hiyo mbolea," akasema akimwonyesha binti yake, tukacheka wote.

Sababu tatu, mtu mmoja, dakika tano. Rafiki yangu alipoandika ombi lake la tuzo akaziweka zote tatu. Mkubwa mmoja aliyelisoma akamshauri aondoe ng'ombe, apunguze udongo, abakize mvua. Wenye fedha wanataka tabianchi, bwana. Ukiwaletea habari za samadi watakupeleka dirisha lingine.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 2011 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Uganda (van Asten, Fermont na Taulya) walichapisha matokeo kuhusu ndizi za nyanda za juu, hizi hizi zetu za kupika. Waligundua kuwa kila mvua ya mwaka inapopungua kwa milimita 100, uzito wa mkungu unaweza kushuka kwa asilimia 8 hadi 10. Kwa wasiopenda milimita: milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba. Kwa hiyo milimita 100 ni ndoo 5 za lita 20 zilizokosekana kwenye kila mita ya mraba ya kibanja, mwaka mzima. Ukiishia hapo unasema basi, kesi imekwisha, mvua ndiyo mchawi.

Lakini mmoja wao, Godfrey Taulya, aliyekuwa bado akisomea udaktari wake, hakuishia hapo. Mwaka 2013 akachapisha makala yenye kichwa cha habari ambacho mhariri wangu angekipenda: kwamba migomba hii "ina wasiwasi" zaidi na upungufu wa potasiamu kuliko ukame. Majaribio yake yalikuwa katikati ya Uganda na kule kusini magharibi, Ntungamo, ambako si mbali sana na Kyerwa. Ukame upo na unaumiza, ila mgomba wenye njaa ya potasiamu una shida kubwa zaidi. Na potasiamu inaondoka shambani kila mkungu unapopandishwa kwenye lori kwenda sokoni.

Fikirini sasa kama huyo kijana angepewa fedha kwa sharti la kubakiza mvua tu. Asilimia 8 hadi 10 tungezipata. Wasiwasi wa potasiamu tusingeusikia. Mkulima wa Bweranyange angeambiwa asubiri mbegu inayovumilia ukame, wakati mgomba wake unataka majivu, samadi na maganda yarudi shinani.

Sitaki mtu atoke hapa akisema mwandishi fulani anadai tabianchi ni porojo. Ninachosema ni kwamba tuzo nzuri inamruhusu kijana kurudi na jibu lisilofanana na jina la tuzo.

Kuna hatari nyingine, ya kutokuwa na namba zetu. Ripoti ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, ya mwaka 2007 ilisema kuwa katika baadhi ya nchi za Afrika mavuno ya kilimo cha kutegemea mvua yangeweza kupungua kwa hadi asilimia 50 ifikapo mwaka 2020. Namba hiyo ikapanda majukwaani, ikaingia kwenye hotuba, na njiani maneno "baadhi ya nchi" yakadondoka. Ikawa Afrika nzima. Mwaka 2010 waandishi wa Uingereza wakafuatilia chanzo chake, wakakuta ni andiko lililohusu Morocco, Algeria na Tunisia. Sasa Morocco na Karagwe wapi na wapi? Na sura hiyo ya Afrika iliandikwa na Waafrika mahiri, akiwamo Profesa Pius Yanda wa hapo hapo Mlimani. Nadhani tatizo halikuwa akili. Ghala la tafiti za nyumbani lilikuwa karibu tupu, na asiye na chake hukopa kwa jirani.

Tunaendelea kukopa. Kahawa ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta, na kwa miaka mingi tuliamini robusta ni ngangari, inastahimili joto la nyuzi 22 hadi 30. Mwaka 2020 utafiti ukaonyesha inapenda joto lisilozidi nyuzi 20.5 hivi, na kila nyuzi 1 ikizidi hapo mavuno yanashuka kwa karibu asilimia 14. Habari nzito sana kwa mtu wa Karagwe! Ila mashamba yaliyopimwa yako Vietnam na Indonesia.

Ajabu ni kwamba Bweranyange haijawahi kukosa wapimaji. Hapa palikuwa makao ya wafalme wa Karagwe, maarufu kwa ufuaji wa chuma. Novemba 1861 alifika John Hanning Speke na mwenzake Grant, wakapokewa vizuri na Mfalme Rumanyika. Speke alikuwa na miaka 34, na mwaka huo huo Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilikuwa imempa medali yake. Kijana, mtafiti, mwenye tuzo: tangazo lile lingemfaa kabisa. Alichemsha maji na kuchomeka kipimajoto ili ajue mwinuko wa nchi. Akampima hata shemeji yake Rumanyika, mama mnene sana: mkono, paja, kifua. Mwaka 1863 kitabu kikatoka Uingereza, na vipimo vya yule mama vimo mpaka leo. Mwenyewe sidhani kama aliletewa nakala.

Nisiwe mchoyo wa sifa lakini. Karagwe hiyo hiyo alikuja baadaye Ariane Krause, mwanafunzi wa udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akafanya kazi na MAVUNO, shirika la wakulima wa huko huko. Swali lao lilikuwa la jikoni na chooni, samahani kwa mnaokula: mabaki ya majiko ya kuni, tope la biogesi na kinyesi kilichopashwa moto mpaka vijidudu vikafa, je, vinaweza kurudisha uhai kwenye udongo wa Karagwe? Matokeo ya shambani yalichapishwa mwaka 2016. Mboji iliyochanganywa na unga wa mkaa na kinyesi kilichosafishwa ilizaa mahindi karibu mara 4 ya shamba lisilowekwa kitu. Huo ndio ustahimilivu ambao mama yule angeuelewa, na kweli ni mbolea.

Halafu kuna suala la muda, na hapa nawasema wagawa fedha wote kwa ujumla. Karagwe ina misimu 2 ya mvua, vuli kuanzia Septemba na masika kuanzia Machi. Mgomba unahitaji zaidi ya mwaka kutoka chipukizi hadi mkungu. Tuzo ya mwaka 1 inakwisha mkungu haujakatwa! Ukitoa miezi ya vibali, ukatoa ya kuandika ripoti, mtafiti anabaki na nafasi ya kugawa madodoso na kuwauliza wazee kama mvua zimebadilika. Wazee watasema ndiyo. Wameshaulizwa hivyo mara nyingi.

Kwenye bajeti ya rafiki yangu kulikuwa na mstari mmoja mdogo: mkutano wa mrejesho Bweranyange, kwa Kinyambo, pamoja na chai na maandazi. Ulikuwa mstari wa bei ndogo kuliko yote. Akashauriwa aufute, aweke nauli ya kongamano nje ya nchi, maana wapimaji wa maombi wanapenda kuona kongamano. Tulibishana naye kwenye simu karibu saa nzima. Mimi nikasema weka yote mawili. Yeye akasema, kaka, wewe unaandika sentensi nane, mimi nina ukomo wa maneno 500.

Mwishowe alirudisha udongo, akarudisha ng'ombe, na mkutano wa chai ukabaki. Kongamano akaliacha. Ameshatuma, majibu bado.

Wakati anasubiri, amenunua kipima mvua kimoja cha plastiki kwa fedha zake, akakichomeka mbali na migomba ili majani yasikinge maji. Kila siku saa 3 asubuhi mama yake anakisoma na kuandika kwenye daftari la shule, na siku ya kavu anaandika sifuri, kwa sababu ameshaelezwa kuwa sifuri nayo ni namba. Amekubali kuifanya kazi hiyo bila posho, ila ametoa sharti moja: daftari halitoki nyumbani kwake. Anayezitaka hizo namba aje na kalamu, akae, anakili pale pale.