Maji Yanayokula Sabuni

Jumapili, 10 Novemba 2024
Fundi ameifungua hita ya bafuni. Koili imevaa ukoko mweupe mnene, mgumu kama ganda la konokono. Ameugonga kwa bisibisi ukadondoka vipande vipande. Amesema umeme unahangaika kwanza kupasha ule ukoko, ndipo joto lifike kwenye maji, na koili ikizidiwa inaungua. Hapo nimeelewa kwa nini hita inatusumbua tangu tuhamie Dodoma. Ameniuzia koili mpya, akaniambia siki huuyeyusha ukoko kama huo: niimimine kwenye birika la umeme, niiache usiku kucha, asubuhi nisuuze. Ndimu nazo zinafaa, ila bei ya ndimu hapa si ya Muheza.

Jumatano, 13 Novemba
Dobi amepandisha bei ya kufua mashuka. Hakupaza sauti. "Mama, kwa maji haya ya bomba nafua sabuni, sifui nguo." Kweli, mche mzima wa sabuni umeyeyukia kwenye beseni, povu halikusimama, ukingoni umeganda utando wa kijivu. Tulipokuwa Mwanza, kwa maji ya ziwa, mche kama huo tulikuwa tunakaa nao siku nyingi.

Usiku nimeazima daftari la kemia la binti yangu wa kidato cha tatu. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo majini huikamata sabuni kwanza na kuigeuza kuwa ule utando. Povu huanza zikishaisha. Tukachukua kikokotoo. Maji yakizidi miligramu 180 za kalsiamu kabonati kwa lita huhesabiwa kuwa magumu sana. Ya kwetu tukayakisia 300, tukapiga hesabu. Kila lita inameza karibu gramu 1.8 za sabuni. Ndoo ya lita 20 inameza gramu 36, na hapo hata soksi haijaguswa.

Sabuni ya unga inastahimili zaidi, maana hutiwa dawa ya kuyalainisha maji. Lakini dobi ananunua mche kwa sababu unakatwa vipande na kuuzwa kwa pesa iliyopo mfukoni.

Jumamosi, 16 Novemba
Tumekwenda Kondoa kumpa pole mwenzetu wa ofisini. Njiani tumepita Makutupora, kwenye visima virefu ambavyo mji huu umevitegemea miaka mingi. Maji yale ni mvua iliyozama ardhini, ikakaa na mawe na kuyalamba chumvi zake. Dodoma yenyewe haipati hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, na jua kali linakausha maji na kuziacha chumvi.

Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Katikati ya hapo tukaanza kuhamia sisi watumishi wa serikali, kila mmoja na familia yake na ndoo zake. Vimechimbwa visima vingine, Nzuguni na kwingineko, na kila kikao kina mtu wa kutaja mpango wa bwawa la Farkwa au wa bomba la kutoka Ziwa Victoria. Kwa sasa tunakunywa kilicho chini yetu.

Alhamisi, 21 Novemba
Saluni. Dada anayenisuka ananiosha kwa maji ya dumu aliyonunua kwa wenye mikokoteni, kisha analipachika dumu hilo kwenye bei yangu. Mazungumzo ya pale ni figo: kila mwenye maumivu ya kiuno anayalaumu maji ya bomba. Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kuridhisha kwamba ugumu wa maji unamdhuru mnywaji, na kalsiamu mwili unaihitaji. Nimewatajia Arusha: kule maji hayana shida na sabuni, ila floridi yake imewatia watu rangi ya kahawia kwenye meno. Maji yanaweza kutoa povu zuri na bado yakawa na lake. Hawakunisikiliza sana, hadithi ya figo ni tamu kuliko yangu.

Jumapili, 24 Novemba
Maharage yamekaa jikoni tangu asubuhi, mkaa umeongezwa na kuongezwa, nayo bado yanagonga meno. Bibi wa nyumba ya pili, Mgogo wa hapa hapa, amepita kutusalimu.
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Hujaweka magadi?"
Ametuma mjukuu akaleta kipande, kile kile anachotia kwenye mlenda. Kidogo tu, amesisitiza, ukizidisha chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Binti yangu akaruka: magadi ni kabonati ya sodiamu, inaiondoa kalsiamu ndani ya maji ikatuama chini! Kalsiamu ndiyo inayoikaza ngozi ya haragwe. Magadi yakizidi yanaua pia vitamini. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri, sasa punguza moto."

Jumatatu, 9 Desemba
Sikukuu ya Uhuru, na mvua imenyesha ya kutosha kupigia hesabu. Tulitega mabeseni chini ya paa. Tumefua mapazia kwa kisabuni kidogo, povu likafurika hadi mlangoni.

Paa letu lina kama mita 60 za mraba. Mvua ya milimita 500 kwa mwaka juu yake ni lita 30,000, ukisamehe zinazomwagika. Tanki letu linabeba lita 2,000. Mwenye nyumba nimempigia: amekubali niweke mifereji ya bati na tanki la pili, nusu ya gharama nikate kwenye kodi. Hayo yanawezekana kwa mpangaji wa nyumba nzima. Wapangaji wa vyumba vya uani hawana paa la kujadiliana na mtu. Bili ya maji inahesabu yuniti tu, lakini ugumu wa maji unalipwa dukani, kwa mche, kwa kopo la mkaa, na anayelipa zaidi ni anayefua kwa mikono. Siku maoni kuhusu bei ya maji yakikusanywa, nitakwenda na hesabu ya ile ndoo.