Timazi ya Bwaise

Nilizaliwa Bwaise, mtaa wa Kampala, mwaka 1962, mwaka Uganda ilipopata uhuru. Kiswahili nilikipata kwa baba, aliyekuwa fundi wa reli. Kiganda nilikiokota mtaani. Bwaise iko bondeni. Mvua ikinyesha kwenye vilima, maji hushuka kwetu yakitafuta mfereji wa Nsooba na kinamasi cha Lubigi, na mfereji ukijaa, maji hubisha hodi majumbani. Nilijifunza kupima kabla sijajua kusoma. Mama alinituma nje nikatazame maji yamefika tofali la ngapi ukutani, na kwa jibu langu akaamua kama magodoro yapandishwe juu ya kabati. Nikisema la tatu na kumbe ni la nne, tulilala kwenye maji.

Nilisomea ufundi sanifu Kyambogo, nikahitimu mwaka 1984. Ilikuwa miaka ya dhiki. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara nyingi zikafungwa, wahadhiri wengi wa kigeni wakaondoka. Vita vya 1979 vilivyomng'oa Amin vikamalizia vilivyosalia. Shule ya kwanza iliyoniajiri ilikuwa na kabati moja la fizikia, lenye kufuli kubwa. Ndani nilikuta voltimita mbili zisizo na mishale.

Mwaka 1998 chuo kikuu kipya cha binafsi kiliniita niwe fundi wa maabara ya fizikia. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kitupu chenye bomba moja na soketi mbili. Mkuu wa idara alinikabidhi mtaala, akaniuliza, "Fundi, tuanze na nini?" Nikamjibu, "Tuanze na meza."

Meza tulizichongesha Bwaise kwa Hajji, seremala jirani yangu, aliyezoea kutengeneza vitanda na milango. Nilimweleza kwamba meza ya fizikia si sawa na ya chakula: mtu akipita kwa kishindo, kioo kilicho juu yake kisitikisike. Hajji aliuliza uzito wa vitu vitakavyokaa juu, akakaa kimya kidogo, kisha akaongeza ubao wa mshazari chini ya kila meza, kona hadi kona. Zilikuwa meza kumi na mbili, na hakuna hata moja iliyolegea hadi nilipostaafu.

Stendi za chuma tulifuliwa Katwe. Soko la Kisekka, kwenye spea za magari, nilipata betri, balbu za volti 12 za kutengenezea masanduku ya mwanga, na springi nyembamba za jaribio la Hooke. Kila muhula tuliongeza jaribio moja au mawili. Wenzangu waliona mwendo wa kinyonga, lakini kila kilichoingia maabara ile kilikuwa na mtu wa kukitengeneza kikiharibika, na mtu huyo alikuwa umbali wa nauli ya bodaboda.

Mwaka 2003 tulipokea shehena ya msaada kutoka ng'ambo. Wageni walialikwa, hotuba zikatolewa. Chombo cha kwanza kilichochomekwa kiliungua mbele ya macho yao. Kilitengenezwa kwa umeme wa volti 110, na wetu ni 240. Kibandiko cha nyuma kilisema hivyo waziwazi, na hakuna kati yetu aliyekisoma. Siku ile niliumia sana. Kesho yake nilibandika mlangoni sheria ya kwanza ya maabara: soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Vyombo vilivyosalia nilivisukia transfoma, kimoja baada ya kingine, nikihesabu mizunguko ya waya jioni baada ya kazi, kwa miaka miwili.

Hata hivyo, jambo lililoninyima usingizi kuliko umaskini wote huo nililikuta kwenye madaftari. Kila mwaka wanafunzi walipima mvutano wa dunia kwa pendulamu, na kila kundi likaandika mita 9.81 kwa sekunde mraba, bila kukosea hata moja. Nilizijua saa zetu za bei poa na uzi wetu wa cherehani. Matokeo safi kiasi kile hayakutoka kwenye uzi; yalitoka kitabuni.

Siku moja msichana wa mwaka wa kwanza alinifuata na daftari lake. "Mwalimu, nimerudia mara tatu, napata 9.78. Nirekebishe wapi?" Nikamwambia tupime pamoja. Nilichukua timazi ya shaba niliyoazima kwa mwashi wa Bwaise, nikaifunga kwenye uzi, tukapima mita moja kamili kutoka msumarini hadi katikati ya timazi. Tuliivuta pembeni kidogo tu, upana wa vidole vitatu, tukaiachia, tukahesabu mizunguko 200. Ishirini au hamsini isingetosha, maana kidole kinachobonyeza saa huchelewa, na tofauti tuliyoitafuta ilikuwa chini ya sekunde moja. Mizunguko 200 ilichukua sekunde 401.9. Kama mvutano ungekuwa 9.81, saa ingesoma 401.2. Hesabu ikarudi palepale: 9.78.

Msichana yule alikuwa amepima sawasawa. Uganda iko kwenye ikweta, mahali dunia ilipotuna na inapozunguka kwa kasi kubwa zaidi, na Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Yote hayo hupunguza mvutano. Namba 9.81 ni ya nchi za Ulaya, na kitabu kilisema kweli ya kwao. Ndivyo ilivyo hata kwa maji: hapa Kampala huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na miaka mingi nyuma niliwahi kuona vipimajoto vizima vikitupwa kwa kosa la kusoma 96.

Afrika Mashariki tuna mfano wetu wa mtu aliyeshikilia alichokiona. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Tanganyika, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa alipokuwa akitengeneza aiskrimu. Walimcheka. Hakufuta alichokiona, baadaye alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, naye Osborne akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabara. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo, lakini wanabishana kwa sababu kijana aliandika alichokiona.

Nilistaafu mwaka 2022. Niliacha maabara yenye majaribio yote ya mtaala, na timazi ile, ambayo mwashi alikataa kurudishiwa, ikining'inia karibu na mlango. Chini yake nilibandika sheria ya pili, na ndiyo ninayowaachia vijana wote wanaoingia maabara yoyote ya Afrika Mashariki: hesabuni mizunguko yote 200, na mkipata 9.78, andikeni 9.78.