Nilimsaka mama Kariakoo

Mama anadai alicheza shoo kwenye video ya bendi moja, mwaka 1996. Mimi simwamini! Jumamosi nikashuka Kariakoo na mkanda wake wa VHS.

Wazenji walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakituringia. Huku Bara tulisubiri hadi 1994. Kabla ya hapo, Thriller ya Michael Jackson, ile ya 1983, watu waliitazama vibandani, wamebanana kama dagaa.

Mtaa wa Aggrey ni simu tupu. "Deki? Dada, we umetoka wapi?" Mwisho nikampata fundi mmoja mzee, uchochoroni. Mkanda una ukungu, akaufuta kwa pamba, taratibu. Chenga, chenga, halafu huyo hapo: binti kavaa pensi ya jinzi, anakata kiuno. Mama mtupu, msomaji!

Kisha deki ikautafuna mkanda.