Kamba ya Chupa

Katika siku za utoto wangu, huko bara ya Kilifi, chupa ya kioo haikuwa takataka. Mtu aliyenunua sharubati dukani aliimaliza kwa siku chache, lakini chupa aliishi nayo miaka. Ilitiwa maji, maziwa, asali, hata mafuta ya taa. Na ole wake mtoto aliyekosea ya mafuta kwa ya maji! Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni kukosa mpini. Kioo huteleza, na kiganja cha msafiri hutoka jasho.

Dawa ya kasoro hiyo aliijua babu yangu. Alikuwa amekata mkonge katika mashamba ya Vipingo, akajifunza kusokota nyuzi zake juu ya paja mpaka zikawa ugwe. Alikata nyugwe 4, kila ugwe pima moja na shibiri. Alizilaza pamoja, akazipiga fundo moja katikati, na fundo hilo likawa kitako. Hapo ncha 8 zilining'inia kama mikono ya pweza. Alizifunga mbili mbili, vidole vinne kutoka kitakoni. Kisha, katika mzunguko wa pili, kila ugwe uliacha mwenzake wa kwanza ukafungwa na jirani wa upande wa pili. Mafundo ya juu yakaangukia katikati ya yale ya chini, na macho yakafunguka kama ya wavu wa samaki. Alipofika shingoni aliukaza wavu chini ya ukingo wa mdomo, usipate kuchomoka. Ncha zilizobaki alizisuka mikia miwili, nne huku na nne huku, akaiunganisha juu. Chupa ikapata mkanda wa kuvaliwa begani.

Kumbe kazi yote hiyo ilitegemea fundo la mwisho, lile la kuunganisha mikia. Sikulijua hilo mpaka mwaka 1984, mwaka wa ukame mkubwa, nilipokuwa na umri wa miaka 11. Mkanda niliuona mrefu mno kwa bega langu, nikaufungua nikaufunga upya bila kumwuliza mtu. Babu alikuwa malishoni na mbuzi tangu alfajiri, nami nilitumwa nimpelekee maji, ambayo mama aliyateka mwendo wa saa mbili kutoka nyumbani. Nusu ya njia nilihisi bega limekuwa jepesi ghafula. Mlio wa kioo juu ya jiwe ningali nausikia. Ardhi iliyanywa maji yale kabla sijainama.

Nilimfikia babu nikiwa na wavu uliojaa vigae. Midomo yake ilikuwa imekauka ikapasuka. Nilingoja fimbo. Yeye alinipa ile mikia miwili, akasema, "Hebu funga nione."

Nikafunga.

"Mjukuu wangu, umepitisha wa kulia juu mara mbili. Tazama, ncha zimesimama kando kama pembe. Fundo hili huteleza. Pitisha wa kulia juu ya wa kushoto, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, nazo ncha zitalala pamoja na kamba."

Alinifungisha na kunifungulisha mpaka jua likakaribia kuchwa, naye hajaonja hata tone. Fimbo ingekuwa nyepesi zaidi.

Chupa za plastiki zilipoenea, mimi nami, naungama, niliacha ugwe nikanunua na kutupa kama wengine. Lakini tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za maji za kutumiwa mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga, misitu na fuo za hifadhi za Kenya. Basi binti yangu alipotaka twende tukaone ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, nilitafuta chupa ya kioo, nikampa nyugwe 4, nikamwonyesha kitako na macho. Mikia aliiunganisha peke yake, mimi nikiwa nimegeuka. Kisha niliishika chupa iliyojaa maji, nikazitazama ncha. Zilikuwa zimelala. Akaivaa begani, tukaondoka.