Moyo wa baba mkubwa

Nilipotea kidogo. Nilikuwa Kibondo kwa baba mkubwa, na leo nataka kuzungumzia neno moja nililolitumia vibaya mimi mwenyewe: amepona.

Miezi minne iliyopita alibanwa kifua akiwa anapalilia maharage. Jasho likamtoka, mkono wa kushoto ukawa mzito. Nyumbani wakasema vidonda vya tumbo, akapewa maziwa. Zahanati nako wakasema vidonda vya tumbo. Mimi nakaa Kasulu. Nilifika usiku, asubuhi tukampakia kwenye gari la kukodi. Tulipofika Makere akaniambia, "Mwanangu, maumivu yameisha, turudi tu." Hatukurudi. Daktari alipomaliza kumpima umeme wa moyo akasema ni mshtuko wa moyo, na tumechelewa. Wiki iliyofuata mzee alikuwa anatembea. Nikawatumia ndugu wote ujumbe: amepona.

Baadaye ndipo nikaanza kuuliza na kusoma (sayansi niliiacha sekondari, mnivumilie). Mshipa unaolisha moyo ukiziba, seli za misuli zilizo mbele ya kizibo hukosa oksijeni. Kwa kama dakika moja tu huacha kujikunja. Zikipita nusu saa hivi bila damu huanza kufa, kuanzia upande wa ndani wa ukuta wa moyo kwenda nje, kwa saa kadhaa. Mshtuko mkubwa unaweza kuua seli kama bilioni moja. Fikiria hilo wakati mtu anakunywa maziwa!

Ukijikata kidole, ngozi inaota nyingine. Moyo hauna bahati hiyo. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walipima kaboni ya mionzi iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia, wakakadiria kuwa kijana wa miaka 25 hupata seli mpya za misuli ya moyo kama asilimia 1 tu kwa mwaka. Mzee wa miaka 75 hafikishi hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo seli za kinga husafisha zilizokufa, kisha mwili unafuma kiraka cha kolajeni. Siku za mwanzo sehemu ile ni laini, inaweza hata kupasuka. Baada ya wiki sita hadi nane ni kovu gumu. Kovu linashikilia ukuta, lakini halisukumi damu.

Kilichonishangaza zaidi ni seli zilizobaki hai. Zinabeba kazi ya marehemu. Zinanenepa, zinarefuka, na zinawasha tena jeni zilizokuwa zikitumika mtoto akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mwanzoni inasaidia. Miezi ikipita, chumba cha moyo kinatanuka, ukuta unachoka, pumzi inakuwa fupi, miguu inavimba. Na muda wote huo kifua kinaweza kuwa hakiumi hata kidogo. Dawa kama kaptoprili na enalaprili zinajulikana tangu miaka ya 1990 kwamba hupunguza kutanuka huko. Si dawa za maumivu, na hapo ndipo tatizo letu lilipoanzia.

Maana nilipofika Kibondo safari hii nilikuta mzee ameacha vidonge tangu mwezi wa pili. Nikaanza kufoka. Akatoa simu, akanionyesha ujumbe wangu. "Si wewe mwenyewe uliyeandika nimepona?" Mwandishi wa habari mzima nikakosa jibu. Tulirudi naye Kasulu, na kipimo cha picha kikaonyesha moyo umeshaanza kutanuka.

Tusidhani ni ugonjwa wa mabosi wa Dar es Salaam. Utafiti wa mwaka 2019 katika hospitali ya KCMC, Moshi, ulikuta kwamba kati ya watu wazima waliofika idara ya dharura wakilalamika kifua au pumzi, zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na mshtuko wa moyo au hali ya karibu nao.

Sasa amerudia dawa. Jembe bado analitaka, tumebishana sana. Tumekubaliana nitamlipia kibarua wa kupalilia, yeye akae kivulini atoe amri, jambo ambalo nadhani analipenda kuliko anavyokiri. Jumamosi nakwenda tena kuhesabu vidonge.