Sabuni si kitenge cha tarehe 8 Machi

BUTEMBO – Katika mji huu wa Kivu Kaskazini, mtu anayeanza kiwanda kidogo huulizwa swali moja na ndugu zake: malighafi utanunua kwa nani? Wengi hujibu mara moja: kwa yule anayeuza bei ya chini. Kwa mali fulani jibu hilo ni sawa. Kwa mali nyingine linaweza kumaliza mtaji wote, pamoja na ule uliotoka kwenye likelemba.

Mfano wa kwanza ni sabuni. Kila nyumba inafua, wiki hii na wiki ijayo. Mtengenezaji anajua karibu ni vipande vingapi vitauzwa mwezi ujao, na kipande kisichonunuliwa leo hakiozi. Lakini faida ni ndogo sana. Akipandisha bei kidogo tu, mteja anavuka barabara na kununua kwa jirani. Hapo bei ya chini ndiyo uhai wa kazi. Inafaa kununua mafuta ya mawese mengi wakati wa mavuno, bei inaposhuka, na kuyaweka akiba.

Hata hivyo, ndani ya sabuni ileile mna malighafi mbili zisizofanana. Mawese yanatoka karibu, upande wa Beni. Muuzaji mmoja akikosa, mwingine yupo. Soda kali inatoka ng’ambo na kuingia kupitia Uganda na mpaka wa Kasindi. Ikikosekana, mawese yote yanakaa kwenye mapipa na wafanyakazi wanarudi nyumbani. Tena, soda iliyoachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa na kupungua nguvu, na sabuni inabaki na mafuta. Ikizidishwa, inachoma mikono ya wafuaji. Kwa hiyo muuzaji bora wa soda ni yule ambaye mifuko yake imefungwa vizuri na nguvu yake haibadiliki, hata akidai dola chache zaidi. Na kiwanda kinahitaji akiba yake mahali pakavu.

Kitenge cha tarehe 8 Machi kina tabia tofauti. Kila mwaka, kwa ajili ya siku ya kimataifa ya wanawake, vitambaa vipya vinaingia sokoni na wamama wanakimbilia kwa mafundi cherehani. Tarehe 6 kila mtu anakitaka. Tarehe 9 kinauzwa kwa bei ya hasara, kwa sababu mwaka umeandikwa juu yake. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo mkubwa kutoka China amelipa bei ya chini, lakini amechagua rangi miezi mingi mbele, kwa kubahatisha. Kontena likichelewa Mombasa wiki mbili, ile nafuu yote imekwenda. Kwa mali hiyo ni heri muuzaji wa karibu, hata akiwa ghali, anayekubali kuleta kidogo kwanza na kuongeza haraka rangi iliyopendwa.

Shati jeupe na sketi ya bluu ya wanafunzi pia ni nguo, ila haina mashaka hayo. Haibadiliki mwaka kwa mwaka. Fundi anaweza kununua kitambaa cha bei nafuu mapema na kushona polepole wakati wa likizo, akingoja masomo yafunguliwe mwezi wa tisa.

Mwaka 1997, profesa Marshall Fisher wa chuo cha Wharton, Marekani, aliandika juu ya jambo hili. Alisema mali ya matumizi ya kila siku inahitaji njia inayopunguza gharama, na mali mpya isiyojulikana itauzwa kiasi gani inahitaji njia ya haraka. Kosa ni kuzichanganya. Kampuni ya Zara ya Hispania ilikua kwa kufuata wazo kama hilo: nguo za mtindo wa msimu inashonesha karibu, Hispania, Ureno na Moroko, na zile za kawaida inaagiza mbali kwa bei ndogo.

Hapa kwetu kuna jambo lingine la kupima: barabara. Kutoka Mombasa hadi Butembo ni zaidi ya kilometa 1,500. Mwezi wa sita mwaka 2024, M23 ilipochukua Kanyabayonga, waliotegemea njia ya Goma peke yake waliona ubaya wa kuwa na mlango mmoja. Kwa malighafi isiyo na mbadala, wauzaji wawili wanaopitia barabara ileile ni kama mmoja.

Basi kabla ya kuuliza bei, mwenye kiwanda aulize mali yake kwanza. Je, itauzwa kesho kama leo? Ikichelewa, inapoteza nini? Malighafi ipi ikikosekana inasimamisha kazi yote? Akishajibu hayo, atajua ni wapi apatane mpaka franka ya mwisho, na ni wapi alipe zaidi bila kunung’unika.